Unanunua nini ukinunua shamba la maji Mwea?

Katika soko la Kariokor, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kati ya vibanda vya sandali za ngozi na vile vya vyondo, mazungumzo ya ardhi hayaishi. Chama kikitunisha akiba, swali linalofuata ni shamba liko wapi. Zamani jibu lilikuwa ploti: Joska, Kamulu, Juja, mahali pa kusimamisha nyumba. Siku hizi kuna wanaotaka kitu kingine, hasa waliochoka kulipia chakula na wale ambao watoto wao wako ng'ambo. Wanataka ardhi inayolisha, yenye maji ya mfereji, isiyokaa kungoja mawingu. Na ukitaja maji ya mfereji mbele ya mtu wa Eastlands, mawazo yake hukimbilia Mwea. Ni mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka jijini: unashika barabara ya Thika, unapinda Makutano, unaingia Ngurubani ambako magunia ya mchele wa pishori yamepangwa kando ya lami.

Mtoto aliye Marekani huja na swali lake. Akiishi Arkansas au Texas, huona kila mara matangazo ya mashamba yanayouzwa kwa sifa mbili kwa pamoja: maji ya kunyunyizia mimea, na bata wa kuwindwa. Si ajabu basi akampigia simu mamake na kuuliza kama shamba la Mwea nalo lina bata, na kama bata hao wanaweza kulipa sehemu ya gharama.

Ni swali la mtu anayefikiri. Arkansas hulima karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani, na huko mpunga na bata vimekuwa biashara moja. Mji wa Stuttgart, ulio katikati ya uwanda wa mpunga, umekuwa ukiandaa mashindano ya kuita bata kwa filimbi tangu 1936. Mkulima akishavuna hufungia maji shambani. Bata wanaokimbia baridi ya kaskazini hutua kula punje zilizomwagika, na wawindaji hulipa kodi ya msimu ili waruhusiwe kujificha kwenye kingo na bunduki zao. Shamba la aina hiyo hupata bei ambayo mpunga peke yake usingeweza kuileta. Lakini hata huko bata si mali ya mwenye shamba. Ndege wanaohama wanalindwa na sheria ya taifa ya mwaka 1918, na mwindaji yeyote aliyetimiza miaka 16 lazima awe na stempu ya bata, iliyoanzishwa 1934, ambayo mapato yake hununulia ardhi oevu za hifadhi. Mwenye shamba huuza ruhusa tu ya kukanyaga ardhi yake.

Kenya ilifunga mlango huo kwa awamu mbili. Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Ndege wa kuwindwa, kina kanga, kwale na bata, waliachwa nje ya marufuku hiyo, na kwa miaka mingi wenye leseni waliendelea kuwapiga risasi. Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Chini ya sheria hiyo kuwinda kwa burudani ni kosa, kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa, na kuuza nyama ya porini ni kosa. Hati miliki ya ekari 100 haibadilishi neno hata moja hapo. Tanzania na Uganda zimeshika njia nyingine na bado hutoa vibali vya uwindaji, lakini shamba tunalozungumzia liko Kirinyaga.

Kwa hiyo jibu fupi kwa kijana wa Arkansas ni hapana. Jibu refu ndilo lililonikalisha kuandika. Vitu viwili vinavyoipa ardhi ya Mwea thamani yake, yaani maji na viumbe vinavyofuata maji, haviuzwi pamoja na udongo. Mnunuzi anayelipa bei ya vyote vitatu akidhani vyote vimeandikwa kwenye hati yake ataumia, na mara nyingi ataumiza wengine pia.

Eastlands na Mwea zimeunganishwa na historia chungu ambayo wanunuzi wa leo hawaitaji. Kariokor yenyewe ni mtaa uliochukua jina lake kwa wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka 40 baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, jeshi hilo hilo liliizingira Nairobi katika msako wa wapigania uhuru ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa mlango kwa mlango. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapandishwa malori, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini bila kesi, wengi wao Mackinnon Road na Manyani. Katika miaka iliyofuata, wazuiliwa walijaza kambi za uwanda wa Mwea: Gathigiriri, Kandongu, Thiba, Karaba. Mikono yao ndiyo iliyochimba mifereji na kusawazisha majaruba ya kwanza. Kule Hola, kwenye Mto Tana, kazi ya aina hiyo hiyo ya kulazimishwa ndiyo iliyozaa mauaji ya wazuiliwa 11 mnamo Machi 3, 1959.

Mifereji ya Mwea haikuchimbwa ili iwe mali ya mtu binafsi. Ardhi ilipokuwa tayari, familia zisizo na shamba zilikaribishwa, kila moja ikapewa ekari 4 za mpunga, kwa leseni. Mwenye leseni alikuwa mpangaji. Alilima alichoambiwa, kwa ratiba aliyopangiwa, na asipotii aliweza kuondolewa. Uhuru ulikuja lakini mpango ukabaki. Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji iliyoundwa 1966 ilichukua mpunga wote, ikakata gharama zake, ikamlipa mkulima kilichosalia. Mwaka 1998 wakulima walisema basi. Walikataa kupeleka mpunga kwa bodi, wakaupeleka kwa chama chao cha ushirika, na kwa miaka kadhaa wakauendesha mradi wa unyunyizaji wenyewe katikati ya makabiliano na polisi na mifereji inayoziba matope. Bodi ilirejea 2003 kwa makubaliano mapya, na tangu 2019, sheria mpya ilipopitishwa, tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo fedha za Kariokor hupotelea. Broka atakuambia kuna ekari 4 Tebere, au Wamumu, au Karaba, mwenyewe ni mzee anahitaji pesa za hospitali. Sehemu hizo ziko ndani ya mradi. Anachouza mzee ni nafasi yake ya upangaji, na nafasi hiyo haiuziki kwa karatasi iliyoandikwa hotelini mbele ya mashahidi wawili. Mzee akifariki, watoto wake wanarudi na leseni ya baba, na wewe unabaki na karatasi. Nawaonea huruma wote wawili, mnunuzi na wale watoto, maana mara nyingi hakuna aliyekusudia kumwibia mwenzake.

Nje ya mradi mambo ni tofauti. Kuna maelfu ya ekari ambazo wenyeji huziita jua kali, mashamba ya watu binafsi yaliyo kando ya mradi, yanayopata maji kwa kuyavuta mitoni au kwa kutumia yale yanayotoka kwenye majaruba ya mradi. Hayo ndiyo yenye hati miliki, ndiyo yanayoweza kuuzwa kihalali. Na kuna njia ya tatu ambayo ningemshauri mtu yeyote wa mjini aianze: kukodi kwa msimu. Watu wa Mwea wamezoea kukodishana. Unalipa, unalima, unavuna, unaondoka. Msimu mmoja wa kukodi utakufundisha mambo ambayo hakuna serchi ya ardhi itakayokuonyesha.

La kwanza kati ya mambo hayo ni maji.

Mradi wa Mwea hulishwa na mito Nyamindi na Thiba, yote inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Maji huingia kwenye mfereji mkuu, yakagawanyika kwenye mifereji ya matawi, kisha kwenye mifereji midogo inayopita kando ya majaruba. Anayelima karibu na mlango wa maji hupata kwanza. Anayelima mwishoni hupata kilichobaki. Mto ukipungua watu hugawiwa kwa zamu, na usiku wa zamu ndio usiku wa ugomvi: mtu kafungua lango la jirani, mtu kaziba mfereji kwa gunia la matope. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa Oktoba 2022, lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 15.6, na limeondoa sehemu kubwa ya dhiki hiyo. Mipango ilikuwa kupanua eneo linalonyunyiziwa kutoka ekari 25,000 hadi 35,000, na kuwawezesha wakulima kupanda misimu miwili badala ya mmoja. Lakini bwawa haligeuzi mteremko wa mfereji. Shamba la mwishoni litabaki la mwishoni.

Kisheria, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, maji ya mto ni mali ya taifa, serikali ikiyashika kwa niaba ya wananchi. Kuchukua maji kwa ajili ya kunyunyizia shamba la biashara kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali hutaja kiasi, na kinaweza kupunguzwa au kufutwa. Kwa hiyo muuzaji wa shamba la jua kali akikuonyesha pampu inayonguruma na bomba linalomwaga maji, muulize kibali kiko kwa jina la nani. Pampu na bomba ni vitu vya dukani. Haki ya kuweka bomba hilo mtoni ndiyo yenye thamani, na mara nyingi haipo kabisa. Kwenda kuliona shamba Mei, mvua za masika zikinyesha, ni kujidanganya, kwa sababu mwezi huo kila shamba ni la maji. Nenda Februari. Nenda bila broka, keti na chama cha watumiaji maji wa mfereji ule, uulize zamu ya shamba namba fulani ni siku gani na mara ya mwisho ilirukwa lini.

Kuhusu udongo sina mengi, kwa kuwa mkulima yeyote wa Ngurubani atakueleza vizuri kuliko gazeti. Udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji na ni wa mpunga. Udongo mwekundu, ulio juu kidogo, ni wa matuta: nyanya, vitunguu, mahindi, na mishiri, yale maharagwe mabichi yanayopelekwa Ulaya. Anayetaka mazao ya matuta asiuziwe udongo mweusi kwa sababu tu uko karibu na mfereji. Mvua moja nzito itazika nyanya zake.

Halafu kuna Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Shamba la kilimo haliuzwi Kenya bila kibali chake, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe. Kibali kikikosekana sheria huyahesabu mauzo kuwa batili, na fedha ulizolipa unazidai kama mtu anavyodai deni. Idhini ya mke au mume wa muuzaji inahitajika pia. Kama mwenye shamba amefariki, hakuna wa kuuza mpaka mahakama ithibitishe warithi. Na yule kijana wa Arkansas, kama alichukua uraia wa Marekani kabla ya Katiba ya 2010 na hajaomba kurudishiwa uraia wake wa Kenya, basi kisheria ni mgeni: Katiba haimruhusu kumiliki ardhi moja kwa moja, ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Familia nyingi huandika shamba kwa jina la ndugu aliyebaki nyumbani ili kukwepa jambo hilo. Kurejeshewa uraia ni kazi ya fomu na subira, na ni rahisi mno ukilinganisha na kesi ya ndugu wawili juu ya ekari 3.

Sasa ndege, ambao ndio walioanzisha swali.

Mtu akifika Mwea wakati trekta zinavuruga majaruba yenye maji, haulizi kama kuna ndege. Yangeyange weupe kwa mamia hufuata magurudumu wakidaka wadudu na vyura. Korongo wa aina kadhaa husimama kwenye matuta, na kwarara weusi wanaometameta hupekua tope kwa midomo iliyopinda. Penye maji ya kina kidogo utawaona bata wenye uso mweupe ambao sauti yao ni mluzi, bata bukini wa Misri wakiwa wawiliwawili, na pengine bata bukini mkubwa mweusi mwenye kikwaru bawani. Kuanzia Oktoba huwasili wageni kutoka Ulaya na Asia: bata wadogo wenye utepe mweupe juu ya jicho, bata wa mkia mrefu uliochongoka, na makundi ya ndege wenye miguu mirefu ambao huondoka tena Machi na Aprili kwenda kutaga kaskazini. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Ndege wa Maji wa Afrika na Ulaya-Asia, unaozifunga nchi wanachama zilizo kwenye njia ya safari hiyo. Bata aliyetua kwenye jaruba lako Novemba huenda alikuwa Urusi Agosti. Hakuna mwenye shamba duniani anayeweza kudai kuwa ndege huyo ni wake.

Mkulima ana haki ya kuniuliza kama wanamsaidia. Baadhi hawamsaidii hata kidogo. Bata hutua kwenye mpunga mchanga na kuukanyaga. Kweleakwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni mbili humaliza tani 20 jua likichomoza na kuzama mara moja tu. Januari 2023 walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, na serikali ikanyunyizia viota vyao fenthioni kutoka angani, dawa ambayo ni sumu kali kwa ndege wengine pia, pamoja na mwewe na tai wanaokula mizoga. Mwea wakulima huajiri vijana wa kufukuza ndege kwa kombeo na makelele kuanzia alfajiri hadi magharibi, mpunga unapoanza kukomaa. Ni gharama halisi, na mnunuzi wa mjini asiyeihesabu ataishangaa.

Ila tusiwachanganye wote. Mwaka 2020 konokono vamizi kutoka Amerika Kusini, anayetaga mayai ya waridi kwenye mashina ya mpunga, alithibitishwa kuingia Mwea. Huyo hukata miche michanga usiku kucha, na nchi za Asia zimehangaika naye kwa miongo. Korongo domo-wazi, ambaye mdomo wake una mwanya katikati, ni mtaalamu wa kula konokono wa majini, wakiwemo jamaa wa karibu wa huyu mvamizi. Mkulima anayemfukuza au kumuua korongo huyo anamwondoa mmoja wa maadui wachache ambao konokono anao.

Na wanauawa. Hili ndilo jambo linaloniuma zaidi katika makala yote. Kwenye mradi wa mpunga wa Bunyala, kaunti ya Busia, mtafiti Martin Odino aliandika tangu 2009 jinsi wawindaji wanavyotia Furadan, dawa ya wadudu yenye kabofurani, ndani ya konokono na kuwatawanya majarubani. Korongo domo-wazi hai aliyefungwa mguu huwekwa hapo ili wenzake wamwone na kushuka. Wakila, wanalewa, wanaanguka, wanachinjwa, nyama inauzwa. Bata huwekewa mpunga uliolowekwa dawa ile ile. Mwaka huo huo kampuni ya Marekani iliyotengeneza Furadan iliiondoa kwenye soko la Kenya baada ya kelele za simba kuuawa kwa sumu hiyo, lakini biashara ya ndege haikuisha siku hiyo. Tufikirie tunachokula: nyama ya ndege aliyekufa kwa dawa ya mishipa ya fahamu, inayopikwa na mama kwa watoto wake kwa kuwa ni rahisi kuliko kuku. Sheria ya 2013 inakataza kuwinda, kuuza nyama hiyo, na kutumia sumu. Lakini askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hawezi kukaa kwenye kila jaruba, na mwenye shamba anaweza. Mwenye shamba ndiye anayejua nani anapita na ndoo ya konokono saa kumi na moja asubuhi.

Kwa hiyo kama kuna faida ya bata katika shamba la Mwea, iko kwenye uamuzi wa mwenyewe wa jinsi ya kutumia maji. Na hapo mambo hayawi mepesi. Tangu 2009, Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha JKUAT na wenzake wameeneza Mwea kilimo cha mpunga ambamo jaruba hulowekwa kisha huachwa likauke, badala ya kufurikishwa msimu mzima. Kinaokoa maji na mbegu, na wengi waliokijaribu wamevuna zaidi. Pia kinapunguza muda ambao ndege wa maji wana mahali pa kukaa. Sitamwambia mkulima aliye mwishoni mwa mfereji amwage maji kwa ajili ya bata. Maji yaliyotuama yana madhara yake hata kwa binadamu: mbu wa malaria, na konokono wa kichocho, ugonjwa ambao Mwea inaujua vizuri sana. Lakini baada ya mavuno, penye maji ya ziada na mbali na nyumba, wiki kadhaa za maji kwenye jaruba moja au mawili hulainisha mashina yaoze badala ya kuchomwa moto. California iligundua hivyo miaka ya 1990, sheria ilipobana uchomaji wa mabua ya mpunga. Wakulima waligeukia kufurika mashamba wakati wa baridi, na bata wakaja kwa mamilioni.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Toyooka, Japani. Korongo wa mashariki alikuwa ametoweka porini nchini humo. Mwaka 2005 waliachiliwa wa kwanza waliolelewa kwenye vizimba, na wakulima wa mji huo wakakubali kupunguza dawa na kuyaacha maji majarubani kwa muda mrefu zaidi ili korongo wapate chakula. Mchele wao ukauzwa kwa jina la korongo, kwa bei ya juu kuliko mchele wa kawaida. Hakuna aliyefyatua risasi, na ndege wakaleta fedha.

Pishori ya Mwea inaweza kufanya hivyo. Jina lake tayari linajulikana, kiasi kwamba wafanyabiashara huchanganya mchele wa bei rahisi kutoka nje na kuuza gunia zima kwa jina hilo. Mnunuzi wa Kariokor anaijua harufu ya pishori halisi na hukasirika akidanganywa. Chama kinacholima ekari zake chenyewe, kikauza mchele wake chenyewe pale pale sokoni, kinaweza kumwambia mteja mchele huu umetoka jaruba gani, na kwamba hapakutiwa sumu ya ndege. Kila Januari, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Nature Kenya huongoza wahesabuji wa ndege wa maji katika maziwa na maeneo oevu ya nchi hii, kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chama kinaweza kuwaalika shambani, na orodha ya ndege waliowaona ikabandikwa kwenye kibanda cha mchele ili mteja aisome.

Bei ya shamba lenyewe ijadiliwe kwa udongo na zamu ya maji peke yake. Muuzaji akiongeza senti kwa sababu ya bata, akataliwe, kwa kuwa hana bata wa kuuza. Katiba ya chama, kabla ya mtu yeyote kuchangia shilingi ya kwanza, iandikwe kwamba hakuna dawa ya kuua ndege itakayoingia shambani, na mpangaji au kibarua atakayekamatwa nayo aondoke siku hiyo hiyo na aripotiwe KWS. Kisha wanachama wakodi kwa misimu ya miaka miwili. Baada ya Februari mbili watakuwa wameuona mfereji ukipungua, watajua jirani gani hufungua lango usiku, na watakuwa na hesabu yao wenyewe ya mpunga uliokwenda kwa kweleakwelea na ujira uliokwenda kwa vijana wa kombeo. Hapo ndipo waende kwa wakili.